Koti la Elieza

Loisi hakuwa mtu wa vitu. Katika miaka ishirini na sita ya ndoa, huko kijijini kwao nje kidogo ya Kibaigwa, alilima uwele na karanga, akazaa watano, akazika wawili, na nyumba yake ungeweza kuihamisha yote kwa mkokoteni mmoja. Wenzake walipogombania vyombo vya udongo vya dukani, yeye alijichekea. Sufuria tatu zilimtosha.

Mumewe, Elieza, alikuwa mfugaji wa mbuzi, mtu wa maneno machache na ugoro mwingi. Lakini lile koti lake, jamani! Koti la kaki, la mtumba, Loisi mwenyewe alimnunulia mnadani mwaka waliooana, naye akalivaa kipupwe na kiangazi mpaka viwikoni likawa viraka juu ya viraka. Lilinuka moshi, mbuzi na ugoro. Kila Jumapili Loisi alimgombeza: litupe, baba wewe, unanitia aibu kanisani.

Mwezi wa saba Elieza alikufa kwa homa ya siku nne. Hapo ndipo Loisi alipolificha koti lile lile chini ya godoro. Ukiwa ulipomzidi alilivuta, akazamisha uso kwenye kola, na Elieza akawa yupo. Akiinua uso, hayupo.

Siku ya kumaliza msiba, ukoo ulikaa uani kugawa vitu vya marehemu. Kwao mjane huchagua kwanza, kitu kimoja. Mkekani palikuwa na baiskeli, redio, sola na viatu vya Jumapili.

"Anza wewe, shemeji," alisema Bartolomayo, kaka mkubwa wa marehemu.

"Nataka koti lake la kuchungia."

Watu wakatazamana. Mtu aache baiskeli? Loisi aliingia ndani, akainua godoro. Hapakuwa na kitu.

"Lipo huku, wifi," Anitha alimwita kutoka nyuma ya nyumba. Huyo ni dada wa Elieza, aliyefika juzi kutoka Nkuhungu, mjini. Koti lilikuwa limeanikwa kwenye ua wa miba, limekwisha kauka. "Nililikuta chini ya godoro jana. Nikasema, vitu vya kaka yangu havigawiwi na uchafu."

Kisima kiko mwendo wa saa nzima. Anitha, mtu wa mjini aliyezoea bomba, alikwenda mara tatu na ndoo kichwani, akalifua kwa sabuni ya unga, akalirudia. Vidole vilikuwa vimemchubuka.

Loisi aliinusa kola. Sabuni. Akanusa kwapani, mifukoni, kwenye mishono. Sabuni tupu. Alitamani kupiga yowe, lakini utamgombeza vipi mtu aliyekubebea maji kiangazi hiki? Huku Ugogoni huo ndio upendo wenyewe, hakuna mwingine unaouzidi.

"Asante, wifi," alisema. "Limetakata."

"Kaka angefurahi," alisema Anitha, akijifuta machozi kwa kanga.

Loisi alirudi mkekani. Makaburini hakuwa amelia sana, watu walimsifu kwa kujikaza. Sasa machozi yalimtoka mfululizo, hata hakuyafuta. Alilikunja koti vizuri, akaliweka kando ya redio.

"Mpeni Joel," alisema. Joel ni mwanawe wa mwisho. "Litamfaa, ni safi."

"Na wewe je, shemeji?"

"Mimi nipeni chochote."