Darasa Katikati ya Mpunga

Nilifunga duka langu la Mbugani siku ya gulio, jambo ambalo hata nikiwa naumwa huwa nalifikiria mara mbili. Mdogo wangu Rehema, anayewafundisha watoto wa vibarua mashambani Njisi, alikuwa amenipigia simu akilia: mwenye shamba anataka darasa livunjwe. Wazazi wale wametoka Ileje na Makete, wanahama na mavuno. Darasa likifa, watoto hawana shule nyingine mpaka warudi kwao.

"Dada, wewe ndiye unayejua kuvutana na watu," alisema. Sijui kama ilikuwa sifa.

Asubuhi nilipanda bodaboda. Kwa kuwa nilibishana na dereva kuhusu nauli, hakukwepa dimbwi hata moja.

Shambani, Mzee Ambilikile, mwenye mpunga, alinikaribisha ndizi za kuchemsha na kunisikiliza kwa adabu zote. Kisha akaeleza: mpunga umeiva, ndege hawana likizo, na tangu zamani kuwinga ndege, kuwafukuza kwa kelele, ni kazi ya watoto. Wakishinda darasani chini ya turubai kule barabarani, nani atapiga kelele huku? Nikamwomba awaachie asubuhi tu. Akakataa. Basi hata saa moja tu kwa siku. Akakataa, akaniongezea ndizi. Nimeshavutana na wachuuzi wa mpakani Kasumulu, lakini huyu alinishinda: hakuwa na hasira wala haraka.

Nikageuza upande. "Baba, unachotaka ni watoto au kelele?"

"Kelele, mwanangu. Watoto nitawafanyia nini?"

"Basi darasa lihamie katikati ya mpunga. Kelele chukua wewe, masomo tuachie sisi."

Akatafuna kwanza. "Tujaribu. Ndege wakitua, mnafunga."

Kabla ya adhuhuri turubai lilikuwa juu ya tuta kubwa. Rehema akaanzisha tebo ya kuzidisha ya tatu, watoto wakaipokea kwa koo zao zote. Kundi la kweleakwelea lililokuwa linashuka likapinda kwenda kwa jirani, ambaye sikuwa na mkataba naye. Mama mmoja wa Ileje aliacha mundu, akasimama tu kumsikiliza binti yake.

Halafu Rehema, kwa mazoea ya ualimu, akawaambia waandike kimya. Ndege wakarudi, wakatua. Mzee akaja mbio kwenye tuta, fimbo mkononi. Nikajua yameisha.

"Mwalimu," akasema akihema, "mbona umewanyamazisha? Wasomeshe!"

Nilikaa chini pale pale kwenye matope. Mzee na Rehema wakakubaliana watoto wapokezane: nusu waandike, nusu wasome kwa sauti, mpaka mavuno yaishe. Mzee akaniambia ndaga fijo, yaani asante sana, kana kwamba wazo lilikuwa zawadi.

Alasiri nilianza kurudi. Nilikuwa nimekwenda kumwomba mtu huruma, nikasahau kumuuliza kwanza yeye anahitaji nini. Kosa hilo dukani silifanyi. Nilipofika barabara kuu bado niliwasikia. Walikuwa kwenye tebo ya saba, na saba mara nane waliikosea wote kwa pamoja, kwa sauti kubwa ajabu.