Kifua cha Baba na Manyoya ya Paka

Mafuta ya mwarobaini yana harufu yake peke yake: kitunguu thaumu ndani yake, na karanga zilizolala. Juzi binti yangu alifungua chupa ya mafuta hayo mezani, paka wetu amejaa viroboto, nami nikalazimika kutoka nje kuvuta pumzi. Ghafla nilikuwa tena katika mtaa wetu wa Ganjoni, ghorofa ya pili, nina miaka tisa, na beseni la majani ya mwarobaini yaliyochemshwa na kupozwa liko katikati ya magoti yangu.

Paka wangu aliitwa Pilau kwa sababu ya rangi yake, hudhurungi yenye madoa meusi kama pilipili manga. Mama ndiye aliyenifundisha kumtunza. Kila Jumamosi nilimwosha kwa maji yale, hasa shingoni, kisha nikamchana kwa kitana cha chawa, na kila kiroboto niliyemnasa nilimtosa kwenye kikombe cha maji ya sabuni. Masikio nilimpangusa kwa pamba yenye tone la mafuta ya nazi. "Polepole," Mama alikuwa akinionya, "sikio si sufuria." Pilau aliyavumilia yote kwa uso wa mzee anayenyolewa na kinyozi asiyemwamini.

Baba mwanzoni hakuwa na neno naye. Lakini jioni moja, alipoingia kutoka kazini bandarini, Pilau alimwendea moja kwa moja, akajisugua miguuni pake, akamrukia mapajani na kuanza kukoroma kwa raha. Baba alimsukuma kama aliyeangukiwa na kaa la moto. Kesho yake akatutangazia kwamba kifua chake hakipatani na manyoya. Akakohoa kidogo, tuone. Tangu hapo, kila saa yake ya kurudi ilipokaribia, kazi yangu ilikuwa kumtoa Pilau nje na kufagia makochi na mkeka mpaka usibaki unyoya. Niliifanya kwa bidii. Nilimpenda sana baba yangu, na niliogopa asije akafa kwa kosa la paka wangu.

Kisha nikaanza kuona mambo. Pilau alirudi asubuhi ananukia udi, ilhali kwetu udi ulifukizwa siku za wageni tu. Kupe niliyemwona shingoni jana, leo hayupo. Siku moja alirudi kucha zimekatwa, tena ncha tu, kwa ustadi. Wivu ulinipanda. Kulikuwa na mtu ananiibia paka wangu, na mtu huyo alinishinda ufundi.

Jumamosi moja mchana, Baba akiwa ametuambia ana zamu, nilimfuata Pilau. Alishuka ngazi, akapita nyuma ya gereji, akakata vichochoro viwili, akaingia kwenye ua uliokuwa na lango la mabati. Lango lilikuwa wazi. Nikachungulia.

Baba alikuwa ameketi mkekani na kikoi chake, kifua wazi, Pilau amelala chali mapajani pake. Alikuwa akimfunua manyoya ya tumbo kwa vidole, akimwelekeza mtoto wa kike wa miaka mitatu hivi aliyemwegemea begani. "Huyu kupe. Mshike karibu na ngozi, umvute taratibu." Hakukohoa hata mara moja.

"Pilau!" niliita.

Paka aliinua kichwa, akanitazama, akakilaza tena.

"Huyu Sultani," yule mtoto alinisahihisha. Kisha akauliza, "Baba, nani yule?"

Mwanamke mmoja alitokea mlangoni na chetezo cha udi mkononi. Akanitazama, akamtazama Baba, akarudi ndani. Baba alinishika mkono, akanitoa mpaka kichochoroni na kuchuchumaa mbele yangu.

"Mwanangu, mama yako tusimwambie. Ataumia. Nawe hutaki aumie, ama?"

"Na kifua chako?"

Alitazama pembeni. "Kimepona."

Nililia njia nzima, nikajifuta uso kwenye ngazi. Mama alikuwa anakunja nguo. "Umempata paka wako?"

"Sijampata," nilimjibu.

Wazee wetu husema njia ya mwongo ni fupi. Ile ya baba yangu ilikuwa vichochoro viwili, na bado ilichukua miaka miwili kufika mwisho. Kwenye arusi moja Mji wa Kale, mwanamke mmoja alimsifu Mama kwa subira yake na mke mwenziwe. Mama alirudi nyumbani, akakaa kitako bila kuvua buibui.

"Nawe ulijua?" aliniuliza.

Nilimweleza yote: udi, kucha, lango la mabati. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Mume kuongeza mke, yameshawakuta wengi," alisema. "Lakini wewe, nilikuwa nikikuuliza kila siku paka wako yu wapi. Nawe wanitazama machoni, wanijibu." Aliingia chumbani akafunga mlango, na kwa siku nyingi tulizungumza kama watu waliokutana hospitalini.

Utotoni niliamini kwamba Baba alinisaliti kwa kikohozi cha uongo, na kwa kumfundisha mtoto mwingine kutoa kupe kwa upole ambao mimi hakunionyesha. Nilikuwa mtu mzima nilipoelewa kwa nini alimfukuza Pilau siku ile. Paka aliyajua mapaja yake. Angemrukia kila jioni mbele ya Mama, mpaka Mama ajiulize wamezoeana wapi. Mnyama hawezi kuombwa anyamaze, ndiyo maana akatolewa nje. Mimi niliweza kuombwa, ndiyo maana nikaachwa ndani.