Madume Kumi na Mmoja

Mama mkwe wake aliwaambia watu kwamba mke wa mwanawe "yuko serikalini", akaishia hapo. Hakusema uongo. Mkwewe huyo alikuwa serikalini kweli: ghorofa ya chini ya makumbusho, chumba cha mwisho baada ya stoo ya viti vibovu, na kwa miaka ishirini na tisa serikali ilikuwa ikimlipa mshahara atazame sehemu za siri za nzi dume. Mama mtu mzima mwenye heshima zake angeianzia wapi habari hiyo mbele ya wageni?

Ofisini walimwita Mama Nzi, naye aliitika. Kazi yenyewe haikuwa na mzaha. Nzi wa nyama, wale wa kijivu wenye mistari mitatu myeusi mgongoni na tumbo la miraba kama ubao wa drafti, wanafanana mpaka inakera. Aina kumi tofauti zinaweza kutua juu ya mzoga mmoja, na hata mama yao mzazi asijue wake ni yupi. Majike ndiyo usiguse kabisa. Hao humwachia mtu kichwa kinauma tu. Lakini dume ana kitambulisho chake, na Muumba, kwa sababu anazozijua mwenyewe, akakificha mkiani. Uume wa aina moja una vijiba, wa nyingine una vijibawa, wa tatu umechongoka. Basi nzi akiwa bado mbichi, Mama Nzi alimlaza chini ya hadubini, akashika pini nyembamba kuliko unywele wa mtoto, akauvuta uume nje taratibu, akauacha ukaukie hapo. Ukichelewa, nzi akakauka, usijisumbue: ukivuta unakatika, na wewe unabaki na maiti isiyo na jina.

Mwaka ule aliteleza bafuni, akavunjika kifundo cha mkono wa kulia. Mkurugenzi, kwa huruma zake zisizo na mipaka, alimpa mapumziko ya siku mbili. Siku ya tatu Mama Nzi alikuwa kwenye kiti chake, plasta hadi kiwikoni, akijifunza kushika pini kwa mkono wa kushoto. Wiki hizo alikuwa akifuga funza wa nzi ndani ya chupa, juu ya kipande cha ini lililooza. Walipotoka nzi, alipata madume kumi na mmoja, na wote kumi na mmoja ncha ya uume ilikuwa imepinda kama ndoano. Alipekua kila kitabu cha chumba kile. Hakuna nzi wa namna hiyo aliyewahi kuandikwa. Alikuwa amepata aina mpya.

Mkurugenzi hakuwahi kukanyaga chumba hicho. Harufu, alisema, inamletea mafua. Siku hiyo mafua yalipona. Alishuka na leso puani, akachungulia hadubini kwa jicho lilelile alilolifumba, akasema, "Naam, naam, nimeona," huku taa ya hadubini haijawashwa. Kisha akapanda juu kufanya ile kazi ngumu, yaani kupiga chapa makala. Nzi mpya angeitwa kwa jina lake yeye Mkurugenzi. Mama Nzi alipewa nafasi yake mwishoni, kwenye shukrani, kati ya dereva na mfagizi.

Huyu mwanamke hakuwa mtu wa kudai. Kabati zima la nzi alilipanga yeye, na hapakuwa na karatasi moja duniani iliyosema hivyo. Lakini hili lilimchoma. Akapiga moyo konde, akapanda ngazi, akasema anataka jina lake liwe juu, pamoja na la mwandishi. Mkurugenzi alikubali shingo upande: la pili, baada ya lake, kwa herufi za ukubwa uleule. Mama Nzi alirudi nyumbani anatabasamu peke yake barabarani. Mumewe alikuwa kinyozi, na ukitaka siri ifike mbali, mpe kinyozi. Katika wiki moja hapakuwa na kichwa mtaani kilichonyolewa bila kuambiwa kwamba mke wake atatoka kwenye jarida la kimataifa. Hata mama mkwe alianza kuuliza nzi wana miguu mingapi.

Wenye jarida waliomba waletewe nzi wenyewe, wakaguliwe kwenye makumbusho yao makubwa kabla ya makala kuchapwa. Walitaka pia mchoro. Mama Nzi, ambaye mkono ulishapona, hakutaka kuwagusagusa wale kumi na mmoja; akafuga uzao mwingine kutoka chupa ileile, apate dume mbichi wa kuchora. Akamlaza, akavuta. Uume ukatoka umenyooka.

Akavuta wa pili. Umenyooka. Wa tatu alimtazama mpaka machozi ya kukodoa yakamtoka: alikuwa yule nzi wa jalalani, wa kawaida kuliko wote, ambaye yeye mwenyewe alishamtambua mara elfu. Kwa wa nne alihamisha pini mkono wa kushoto. Alijiona mjinga. Akavuta, na ncha ile, laini kama ukucha wa kichanga, ikafuata pini, ikapinda kama ndoano.

Miaka ishirini na tisa, na aina mpya aliyoigundua ilikuwa mkono wake wa kushoto. Alikwenda chooni, akafungulia bomba, akalia kwa uchungu. Aliona aibu, na zaidi ya aibu alilitaka lile jina. Alilitaka sana.

Alipomaliza kulia, alinawa uso, akapanda ngazi, akamweleza Mkurugenzi kila kitu.

"Mama," Mkurugenzi alisema kwa upole wa mtu anayeongea na mgonjwa, "hapa kwetu, ukiacha wewe, nani mwingine anaweza kuliona jambo hilo?"

"Hakuna, bosi. Ni mimi tu."

"Basi si umeona? Tatizo ni dogo. Usiangalie tena."

"Lakini huyo nzi hayupo, bosi."

"Yupo kwenye makala." Akatafakari, uso ukang'aa. "Ila kama roho inakusuta, sitaki kukubebesha mzigo. Nitaliondoa jina lako. Mzigo nitaubeba peke yangu."

Na akalifuta hapo hapo, mbele yake, kwa moyo mkunjufu ambao hakuwahi kuuonyesha kwenye jambo lingine lolote.

Mama Nzi alishuka kufunga mzigo. Nzi wa makumbusho hasafiri uchi. Chini yake, kwenye pini ileile, huchomekwa kijikaratasi cha ukubwa wa ukucha kinachoeleza habari zake, na mkaguzi yeyote mwenye akili husoma hicho kabla ya kumtazama nzi. Aliketi mchana kutwa na kalamu ya wino mweusi. Kwenye kila kimoja aliandika: "Nzi wa jalalani wa kawaida. Ncha imepindishwa na pini yangu, mkono wa kushoto." Halafu chini akaandika jina lake, la kwake na la baba yake, lote bila kufupisha. Alichomeka vyote, akapanga nzi kwenye sanduku, akalipeleka juu. Mkurugenzi alitia saini kwenye fomu ya kusafirisha. Sanduku hakulifungua, maana mle ndani mna nzi.

Jioni alipitia kinyozini. Mumewe alikuwa na mteja kitini, nusu kichwa kimenyolewa, na wengine wawili kwenye benchi.

"Mke wangu!" mumewe alipaza sauti ili wote wasikie. "Vipi, jina limetoka?"

Angeweza kumwambia watazungumza nyumbani. Alitazama wale watu watatu waliokuwa wakimsubiri aseme.

"Limetoka," alisema. "Nimeliandika mara kumi na moja, chini ya kosa langu mwenyewe."