Wanasema Simtaki Mwanangu, Kumbe Naiogopa Mikono Yangu

Assalam alaykum. Admin, jina langu lifiche na mtaa wangu usiutaje, maana mume wangu yumo humu, na mawifi zangu ndio wa mwanzo kuandika chini ya kila kisa. Mimi ni mwanamke wa miaka ishirini na saba, nnaishi Unguja mjini, kazi yangu kuwachora maharusi hina na piko. Wanaonijua wanajua mdomo wangu hauna breki, nikimchora bi harusi chumba kizima kinacheka. Lakini hili sijapata kulitamka mbele ya kiumbe yeyote.

Nimejifungua mtoto wa kiume, wa kwanza, baada ya kuhangaika sana. Bado nimo ndani ya arobaini. Mume wangu anafanya kazi hoteli huko Kendwa, anakuja nyumbani siku zake za mapumziko tu, ndiyo mama yake akatoka Makunduchi kuja kunitazama. Sisemi uongo, mama yule kanilea. Kanikanda maji ya moto, kanipikia supu ya kuku na pilipili manga mpaka nikamwambia, "Mama, mimi n'takuja kuwika." Akacheka mpaka akakaa chini.

Siku tuliyotoka hospitali alimfunga mtoto mvuje mkononi, ile dawa ya harufu kali, akamtia wanja, kisha akakizungushia kisu cha jikoni kitambaa na kukitia chini ya mto wake ili mashetani wasimsogelee. Kwetu jambo la kawaida, hata mimi nililaziwa kisu. Basi mchana mmoja nimekaa kitandani namnyonyesha, macho yakaangukia ule mpini umechomoza. Likanijia wazo: na huu mkono wako ukikichukua je? Ukimdhuru? Jamani! Nilimlaza mtoto nikakimbilia chooni, nikatapika. Wala sikuwa na hasira naye. Hakuwa analia, alikuwa ananyonya zake kwa raha.

Nikakitoa kisu, nikakificha kabatini nyuma ya mashuka. Mama akakikosa.

"Nani kakitoa?"

"Mimi, Mama. Nnaogopa kisije kikamkata."

"Mwanangu, kimefungwa kitambaa, kitamkata vipi? Au unataka mashetani wamchezee?"

Akakirudisha. Nikakitoa tena, akakirudisha tena, ikawa ndiyo kazi yetu. Mara ya mwisho alikirudisha huku kanikazia macho.

Ingekuwa kisu peke yake ningeshukuru. Mawazo yakahamia kwenye beseni la kumkoshea. Yakahamia dirishani, maana tunakaa ghorofani. Nikilifukuza hili linakuja jengine, naoneshwa picha nisizozitaka, na kila nikisema sitaki ndiyo zinazidi. Nimo kwenye nifasi, damu ya uzazi haijakatika, siswali, hata sijida ya kulilia sina. Nasoma istighfari mpaka ulimi unakauka. Nimejiuliza, hivi huyu ni shetani ananitia wasiwasi, au ndiyo mimi mwenyewe nilivyo, sikujijua tu?

Basi nikaanza kumkwepa mwanangu. Kumkosha, nasingizia mgongo. Akishamaliza kunyonya tu, "Mama, mpokee." Akilala peke yake chumbani nasimama mlangoni namchungulia, mikono nimeifunga nyuma. Nampenda mtoto yule mpaka nnaumwa. Na mikono hii hii ndiyo maharusi wanayoigombania kwa kuwa haitetemeki!

Kliniki muuguzi aliniuliza, kwa upole wallahi, "Na wewe mama, roho yako iko vipi?" Nilikaribia kumwambia. Lakini Mama alikuwa kakaa ubavuni kwangu. Nikajibu, "Alhamdulillah, mzima."

Wiki hii mume wangu kaja. Kafunga mlango wa chumba, kaniambia, "Mke wangu, Mama anasema humtaki mtoto. Anasema akikupa unamrudisha haraka utafikiri umeshikishwa kaa la moto."

Nikanyamaza. Mimi huyu, nikanyamaza! Machozi tu yakinitoka.

Akakaa karibu yangu. "Mimi sikulaumu. Mama keshakubali kumchukua Makunduchi amlee, mpaka hapo utakapokuwa tayari. Maziwa ya kopo yapo. Fikiri, unipe jibu kabla sijarudi kazini."

Na mnajua kilichoniumiza zaidi? Kitu cha mwanzo nilichokihisi ni kupumua. Nilisema moyoni, huko atakuwa salama. Mara mtoto akalia chumba cha pili, maziwa yakanitoka yenyewe yakalowesha dera lote, nikaona siwezi. Siwezi kumwachia aondoke.

Nikisema ndiyo, atakua akiambiwa mamako alikukataa, na si kweli. Nikisema ukweli, nani atakayeniachia nimshike tena? Nimefikiria kurudi kwa yule muuguzi peke yangu, lakini natokaje ndani ya arobaini bila ya Mama, niseme nnakwenda wapi? Na huyo muuguzi nikishamwambia, ataniona mgonjwa wa kusaidiwa, au ataniona mtu wa kunyang'anywa mtoto?

Ndugu zangu, hasa nyinyi mliozaa, nishaurini. Mume wangu anarudi Kendwa kesho asubuhi na anataka jibu. Nimwambie nini? Kama yupo aliyewahi kujiwa na mawazo haya, na leo mwanawe mkubwa, mzima, kamlea mwenyewe, naomba aandike japo neno moja.

Andikeni sasa hivi. Mume wangu kenda msikitini, Mama kashuka dukani, tumebaki wawili. Mtoto kalala mapajani mwangu, na naandika kirefu hivi ili mikono yangu ibaki kwenye simu mpaka mmoja wao arudi.