Mkoba wa Dola Sitini

Kila asubuhi, kabla hajamsalimia mtu, kabla hata hajafungua sanduku lake la mbao, Muzee Habarurema huingiza vidole vinne katika matundu manne ya ngozi kuukuu ya ng'ombe iliyotundikwa kwenye mlango wa kibanda chake, pale Murara, mjini Goma. Huvisukuma mpaka vitokeze upande wa pili, akavitazama kidogo kama mtu anayehakikisha kwamba bado anavyo vyote, kisha akavichomoa. Ndipo husema, "Haya," na kazi huanza.

Wapita njia wana yao ya kusema. Wako wanaodhani ni dawa, wako wanaodhani ni sala. Séraphine, aliyekuwa ameketi kwenye benchi la mkabala kwa siku ya tatu mfululizo, na kikombe cha chai kilichopoa na kitabu cha historia alichokuwa hasomi, alitazama tu. Alikuwa na miaka ishirini na mitano, shahada ya historia, na sauti ambayo hata wahadhiri wake walilazimika kuinama ili waisikie.

Ndani ya kitabu kulikuwa na karatasi. Ilitoka katika kituo kimoja cha kufundisha kazi ya ngozi, nayo iliorodhesha vifaa thelathini na viwili. Chini kabisa, kwa herufi nene, iliandikwa kwamba vifaa vyote vinunuliwe kituoni, mkoba mmoja dola sitini, na kwamba asiye na mkoba kamili hataingia darasani. Mwisho wa kujiandikisha ni Ijumaa, saa sita mchana.

Leo ilikuwa Ijumaa.

Dola sitini alikuwa nazo, amezifunga katika kitambaa. Mama yake alizipata kwa kabichi za Kibumba, alizozishusha mjini gunia kwa gunia kwa misimu miwili, na siku ya kumkabidhi alimwambia neno moja tu: "Zisije zikarudi kuwa kabichi."

Na kazi yenyewe aliitaka. Alikwisha kujishonea kifuko cha kalamu kutokana na begi la marehemu baba yake, kwa sindano ya nguo. Sindano mbili zilivunjika, kidole kikavimba, kifuko kikatoka kimepinda upande mmoja. Lakini kilikuwa kifuko, na kalamu zilikaa ndani.

Kilichomzuia kwenda kutoa fedha ni Julienne. Huyu alikuwa jirani yake, aliyeingia katika kundi la kwanza la kituo kile. Ili apate dola sitini, Julienne aliuza mashini yake ya kushonea nguo. Siku ya pili ya masomo msharasi wake, ile sindano nene yenye mpini ambayo fundi hutobolea ngozi, ulipinda kama msumari wa mabati. Aliurudisha, akaambiwa mkono wake ni mzito. Nyundo ikachomoka kichwa, akaambiwa hajui kushika nyundo. Wiki ya tatu hakurudi tena, na hakuna aliyekuja kumuuliza kwa nini. Sasa gauni la Julienne likichanika hulipeleka kwa mama mmoja barabara ya pili, akashonewa kwa mashini iliyokuwa yake mwenyewe, akalipa.

Kila Séraphine alipolikumbuka hilo masikio yalimwaka moto. Hasira ya mtu mpole haina pa kutokea, kwa hiyo yake ilikuwa imekaa kifuani miezi mitatu, nzima kama ilivyoingia.

Siku zile tatu alikuwa amehesabu vifaa vya Habarurema. Vilikuwa saba. Kisu alikitengeneza kwa kipande cha msumeno wa chuma, akakifunga kamba upande wa kushikia, na kila baada ya mikato michache alikipitisha juu ya mkanda uliochakaa mpaka kikang'aa. Msharasi wake ulikuwa ubavu wa mwavuli, ulionolewa na kutiwa mpini wa mti. Uma wa mezani, ambao meno yake aliyasogeza kwa kugonga na jiwe, ulimwekea alama za mishono ili isipishane. Uzi ulikuwa ule wa kutengenezea nyavu, aliouagiza kwa wavuvi wa Vitshumbi, akaupaka nta. Kisha sindano mbili, ubao, na jiwe zito la volkeno la kukandamizia. Ngozi alizikata kutoka kwenye mikoba na makoti ya mitumba yaliyokosa wanunuzi. Na kutoka hapo vilizaliwa viatu na mikanda ambayo watu walikuja kuifuata kutoka hata upande wa ziwani.

"Weye mwenye kitabu," alisema Mama Mukakalisa, mke wa muzee, ndiye aliyekuwa akiuza chai na mandazi kwenye benchi lile. "Siku tatu unamuangalia muzee wangu. Unataka kuninyanganya bwana?"

Séraphine alitikisa kichwa kwa nguvu mpaka chai ikamwagika.

"Basi unaangalia ile ngozi. Wote wanaiangalia." Mama Mukakalisa alicheka, akageuza mandazi. "Nitakuambia, maana yeye hatakuambia. Tulipofika hapa kutoka Masisi, akapata ngozi moja ya ng'ombe, mbichi. Kwetu, ngozi unaitandaza kwenye majani, unapiga vigingi pembeni, inakauka vizuri. Mutu wangu akafanya vilevile. Lakini Goma iko na majani wapi? Iko mawe ya volkeno, na kila jiwe liko na meno! Vigingi vikakataa kuingia. Akaivuta, akaipakia mawe mengine juu. Ilipokauka ikajivuta, mawe yakaiuma. Matundu, matundu, matundu."

"Mama Mukakalisa," aliita muzee kutoka kibandani bila kuinua kichwa, "waache watu wanywe chai."

"Si ninamfundisha histoire! Mutoto amesoma histoire!" Akamgeukia tena Séraphine. "Akakata vipande katikati ya matundu. Vidogo hivi. Viatu vyake vya kwanza vyote vilikuwa vya watoto, maana mguu wa mutu mukubwa haukuenea. Kilichobaki ndicho kile mlangoni."

Wakati huo pikipiki ilisimama mbele ya kibanda, na mtu mmoja mwenye koti la suti na viatu vilivyochongoka akashuka. Séraphine alimtambua. Alikuwa Bienvenu, mkurugenzi wa kituo. Begani alibeba mkoba mweusi wenye zipu inayometameta.

"Muzee wetu!" alisema. "Nimekuja kukuinua. Leo tunafungua kundi la pili. Nataka picha moja tu. Weye unakaa, mkoba wetu uko wazi mbele yako, unacheka. Tunaibandika kwenye mlango wa kituo."

"Nicheke nini?" aliuliza Habarurema.

"Ucheke tu, muzee. Watu wanakuamini."

Habarurema alifuta mikono, akafungua zipu. Vifaa vilikuwa vimepangwa vizuri, kila kimoja na kamba yake, vinang'aa kama vijiko vya harusi. Akavitoa kimoja kimoja, akavipanga juu ya ubao.

"Hivi kumi na viwili ni vya nini?"

"Mihuri ya kupigia maua kwenye ngozi. Kazi ya kisasa hiyo!"

"Mutu hajui kukata," alisema muzee polepole, "unamuuzia maua."

Alichukua msharasi, akauweka kwenye soli ya kiatu alichokuwa akishona, akasukuma. Hakutumia nguvu. Ncha ikageuka upande kama mtu aliyeitwa jina. Akauweka chini karibu na ule wa ubavu wa mwavuli. Kisha akakichukua kipande cha ngozi kilichokuwamo mkobani, kilichopigwa chapa ya "ngozi halisi", akakata ukingo mwembamba, akavuka hadi kwenye mbabula, jiko la mke wake, na kuuweka juu ya makaa.

Ngozi ikiungua hunuka kama nywele. Hii ilijikunja, ikadondosha tone jeusi, na harufu yake ikawa ya beseni la plastiki lililosahauliwa motoni. Mama Mukakalisa akafunika mandazi haraka.

"Ni ya mazoezi tu, muzee," alisema Bienvenu. Kicheko chake kilikuwa kimebaki mdomoni peke yake.

"Mazoezi ya kushona mabeseni?"

Watu wa benchini wakaangua kicheko, lakini Habarurema hakucheka.

"Sikiliza, Papa Bienvenu. Mimi ukinipa chuma mbaya nitafanya nayo kazi, maana nimeizoea ngozi miaka mingi. Mwenye kuanza hawezi. Yeye ndiye anataka kisu kikali, yeye ndiye anataka ngozi ya kweli, hata kama ni kipande cha begi iliyochanika. Chuma ikipinda mimi ninasema chuma ni mbaya. Yeye atasema mkono wake ni mbaya. Na weye unamwambia ndiyo!"

Julienne, aliwaza Séraphine. Julienne aliyeambiwa mkono wake ni mzito.

"Usiniharibie jina mbele ya watu," alisema Bienvenu, akivirudisha vifaa mkobani kwa pupa. Ndipo macho yake yakamwona Séraphine, na karatasi iliyochungulia kitabuni. Sauti yake ikalainika. "Ah, dada! Si ulikuja ofisini Jumanne? Usisikilize maneno ya barabarani. Weye umesoma, unajua dunia inaenda wapi. Saa sita ninafunga liste ya majina. Dola sitini unazo?"

Mkono wa Séraphine ulikuwa tayari juu ya kitambaa. Aliuona ukiwa pale, akauchukia. Alimwona mama yake ameinama chini ya gunia, na gauni la Julienne chini ya sindano isiyokuwa yake tena.

"Bila mkoba hakuna fundi," Bienvenu aliendelea, akinyoosha kiganja. "Hilo ni la dunia nzima. Muulize hata muzee mwenyewe."

Séraphine alisimama. Kitabu kilianguka, hakukiokota. Benchi lote liligeuka, maana kwa siku tatu hakuna aliyekuwa amesikia sauti yake, na sasa ilitoka kubwa kuliko alivyoitaka, yenye mkwaruzo, kama mlango uliokaa muda mrefu bila kufunguliwa.

"Muzee, siku ulipoanza kazi hii, ulikuwa na nini?"

Habarurema aligeuka, akaitazama ngozi iliyotundikwa mlangoni, kisha akamtazama yeye.

"Kisu cha huyu mama cha kumenyea viazi," alisema, "ubavu wa mwavuli, na ile ngozi pale."