Nailoni Chini ya Makaa

Mama alikuwa mchoyo wa makaa. Simsengenyi, safu yetu nzima ya nyumba pale mtaani Mbotela ilikuwa hivyo. Akishabandika githeri, yale mahindi na maharagwe yetu, aliifunika kwa karatasi ya nailoni, akaikandamiza kingo zote mvuke usitoke, kisha akaweka mfuniko juu. Wali nao aliufanya vivyo hivyo. Uliiva upesi, na ulikuwa na harufu fulani ambayo sisi watoto tulidhani ndiyo harufu ya wali. Siku hizi binti yangu hanikubalii hata kupasha mchuzi kwenye bakuli la plastiki. Anasema plastiki ikipata moto hutoa sumu ikaingia chakulani. Namtii, ingawa harufu ile ya jikoni kwa mama naitamani hadi leo.

Jirani yetu wa ukuta mmoja alikuwa mama wa Kiislamu kutoka Mombasa. Yeye wali aliupalia: maji yakikauka, anapunguza moto wa chini, anapanga makaa juu ya mfuniko. Nailoni hakutaka hata kuiona. Alikuwa akimwambia mama kwamba mfuko ni wa kubebea vitu, si wa kupikia, na mama anacheka tu. Walipendana wale wanawake. Waliazimana chumvi, viti, hata watoto, lakini katika mapishi kila mmoja alishika lake.

Dada yangu mkubwa akapata mchumba. Upande wa kijana ukatuma habari kwamba wangekuja Jumamosi alasiri kutufahamu, na ilikuwa mwezi wa Ramadhani. Mama akataka wageni wapate wali wa kuchambuka kama wa jirani, ila hakuiamini njia ya jirani peke yake. Kwa kuogopa aibu akatumia zote mbili: nailoni ndani, mfuniko juu yake, na juu ya mfuniko makaa ya moto. Nilisimama pale nikatazama, wala sikuona kosa. Nilijua mbili ni bora kuliko moja.

Wageni walikuwa wameshaketi mbele tuliposikia harufu. Mama akafunua. Nailoni ya buluu ilikuwa imeyeyuka ikashuka ndani ya wali nyuzinyuzi, na nyingine imegandia mfunikoni. Dada akaanza kulia bila sauti. Mama akashika mwiko aondoe wa juu, akisema wa chini haujaguswa.

Jirani alikuwa ameshafika mlango wa nyuma, maana harufu ilipita ukuta. Akamshika mama mkono.

“Usiwape watu huo, shoga. Hata kijiko.”

“Niwape nini basi? Watasema mtoto wangu hakufundishwa jiko.”

Jirani alimwachia mkono. Alirudi kwake, akaja na sufuria mbili, ya wali wa nazi na ya mchuzi wa kuku, zote bado zinafuka moshi. “Chukua. Kwangu kipo kingine.”

Wageni walikula wakajilamba vidole. Mama wa kijana alisema nyumba inayopika hivi haiwezi kumlea msichana mbaya, na mama yangu akainamisha kichwa kama anayeona haya ya kusifiwa. Walipoondoka jua likizama, walikuwa wamekwisha kupanga siku ya kurudi na wazee. Dada alikuwa anacheka peke yake akiosha vikombe.

Mama akazisugua zile sufuria kwa jivu mpaka zikang'aa, akaniambia nibebe moja. Adhana ya magharibi ilikuwa imekwisha tulipobisha. Tuliwakuta wote mkekani, jirani, mumewe na watoto wao, na katikati yao sahani ya tende, bilauri za maji na bakuli la uji. Nilitafuta kwa macho chakula chenyewe kiko wapi. Hakikuwapo.

Mama alisimama mlangoni na sufuria yake safi mkononi. Nilimwona anavyoelewa.

“Ulisema kipo kingine,” akasema.

“Si ndicho hiki?” jirani akajibu, akisogea kumpa nafasi. “Karibu uji, haujapoa.”

Mama akavua viatu, akaketi, akaupokea uji kwa mikono miwili. Alikunywa huku machozi yakimtiririka, na wale watoto waliokuwa wamefunga kutwa wakamsogezea sahani ya tende.