Ndondocha wa Mama Osmunda

Nilipokuwa mtoto, darasa la pili hivi, niliambiwa kwamba mama yangu hajafa. Aliyeniambia alikuwa mtu mzima, mwenye rozari shingoni, huku anamenya majani ya maboga kana kwamba ananipa habari za mvua.

"Mama yako yupo," alisema Shangazi Winfrida. "Osmunda amemchukua. Analimishwa."

Sisi wa huku Songea hatuhitaji kuelezwa zaidi. Lakini wewe wa mbali: ndondocha ni mtu mnayelia msibani kwake mkidhani amekufa, kumbe mlichozika ni mgomba. Mwenyewe kafichwa na mchawi, kakatwa ulimi, analimishwa shamba usiku na kulishwa pumba. Nina digrii ya maendeleo ya jamii, najua unachotaka kuniambia. Please, usiniambie. Nimekaa nayo nyumbani miaka sasa, haijanipa kazi, wala haijanisaidia kuwaelewa watu walionilea.

Maana walinilea kweli. Kijiji chetu kiko barabara ya kwenda Namtumbo. Baba alipokufa, kisha mama naye akaanza kuisha, jumuiya yetu ya Kikatoliki ilitupangia zamu kama ya kufagia kanisa. Huyu analeta unga, yule anapalilia mahindi yetu, mwingine anachota maji. Chuoni nilikuja kukuta jambo hilo lina jina la kizungu, community-based care, na slaidi zake za rangi. Hakuna slaidi iliyosema kwamba unga uliachwa mlangoni. Walisali vizuri sana, wakiwa uani. Ndani, penye harufu, aliingia mtu mmoja.

Mama Osmunda alikuwa jirani yetu, mjane asiye na mtoto, mrefu, mkavu, asiyejua kucheka kistaarabu; akicheka, kuku wanatawanyika. Ndiye aliyemwogesha mama, akamgeuza, akamfulia shuka. Wenzake walipomtahadharisha kwamba mama "amekanyaga miwaya," yaani ana UKIMWI, aliwajibu, "Basi acheni na mimi nipigwe shoti. Tokeni mlangoni, mnaziba mwanga."

Mama alipofariki, mimi nilichukuliwa na Shangazi, dada yake baba. Mdogo wangu Otmar, ambaye hata shule alikuwa hajaanza, alibaki kwa Mama Osmunda, kwa sababu Shangazi alikuwa na watoto wengi na alikiogopa kikohozi cha Otmar. Mama Osmunda akambeba mgongoni hadi zahanati ya misheni, akapimwa, akaanzishiwa dawa. Mtoto akaanza kujaa mashavu. Akaanza hata kutukana watu, jambo lililotufurahisha wote.

Sasa angalia kosa la yule mama. Shamba lake lilikuwa safi kuliko ya wote, maana aliamka mapema na hakuwa na mume wa kumpikia. Na kila jioni alionekana na beseni la pumba, anaelekea nyuma ya nyumba. Mwanamke peke yake, shamba safi, pumba, na ndiye aliyekaa na marehemu hadi pumzi ya mwisho. Hesabu ilianzia kisimani, ikamalizikia jumuiyani, na jibu likawa mama yangu.

Wakubwa walidhani nitaogopa. Mimi nilifurahi! Ulimi umekatwa? Sawa, asiongee. Mradi yupo.

Nikatoroka alfajiri kabla ya shule, nikamkuta Mama Osmunda anapalilia, Otmar amefungwa mgongoni anasinzia. Hata shikamoo nilisahau.

"Mama yuko wapi?"

Akasimamisha jembe. "Mama gani?"

"Mama yangu. Wanasema unaye wewe."

Nilitegemea atacheka. Hakucheka. Alifuta mikono kwenye kitenge, akanishika, akanipeleka nyumbani kwake. Akafungua chumba. Akainua godoro. Akaninyanyua nichungulie kwenye kihenge cha mahindi. Kisha akanizungusha nyuma, ambako nguruwe jike alikuwa anashindilia pumba kwa kelele.

"Haya. Ndondocha wangu huyu. Muulize kama amekatwa ulimi."

Nikamtazama yule nguruwe, kisha nikamtazama yeye. Akachuchumaa mbele yangu.

"Mama yako nilimvalisha mwenyewe, mwanangu. Lile gauni lake la ubatizo wa Otmar. Hakuna aliyemchukua. Amekufa."

Nililia mpaka Otmar akaamka na kuanza kulia naye. Nililia kwa sababu yule mama hakuwa mchawi.

Nyumbani nilimweleza Shangazi yote. Alinisikiliza machozi yakimtoka, machozi ya kweli, nakuapia.

"Nguruwe, eh? Masikini wifi yangu. Ndivyo wanavyowageuza."

You see? Ukiwa na akili ya namna hiyo, ushahidi haukuponyi, unakukolea.

Jumamosi jumuiya nzima ilihamia uani kwa Mama Osmunda. Hawakumpiga. Hawakuchoma nyumba. Walisali rozari yote, wakanyunyiza maji ya baraka pembe zote, kisha mwenyekiti, Mzee Engelbert, akasema kwa upole kabisa, "Mama, tunamwomba mtoto. Kwa amani tu."

"Mchukueni," alisema Mama Osmunda. Sauti yake ilikuwa ndogo, sikuwahi kuisikia hivyo. Akamfungua Otmar mgongoni, akampa Shangazi, kisha akaleta chupa ya dawa. "Asubuhi na jioni. Winfrida, nisikilize mimi, nichukie lakini nisikilize. Asubuhi na jioni. Usiruke."

"Nimesikia, dada," Shangazi akaitikia.

Tulipofika nyumbani akaimwaga kwenye shina la mgomba. "Siwezi kumnywesha mtoto wa kaka yangu kitu kilicholala kwa mchawi." Badala yake Otmar alinyweshwa maji ya baraka, asubuhi na jioni, bila kuruka. Wanajumuiya walileta mayai, maziwa, asali. Walikesha naye kwa zamu, na safari hii waliingia hadi ndani. Mama Osmunda alikuja mara kadhaa na chupa mpya akazuiwa njiani, mpaka akauza nguruwe na kuhamia kwa ndugu zake huko Mbesa. Mashavu ya Otmar yalirudi ndani. Mahindi yalipoanza kubeba, tukamzika. Msiba ulikuwa mkubwa, watu walijaa, ubwabwa ulibaki.

Ningependa wawe watu wabaya. Ningeandika post moja ndefu, ningewataja, ningelala usingizi. Lakini ada yangu ya sekondari walinichangia wao, kwa kuuza mahindi yao. Na leo hii, na vyeti vyangu kabatini, anayenilisha ni Shangazi Winfrida, mgongo umempinda, bado ananiwekea nyama ya kwangu pembeni kama mtoto.

Niliwahi kumuuliza, "Shangazi, ile dawa ungempa, si angekuwa hai?"

Aliniangalia kwa huruma, kama mimi ndiye mgonjwa. "Mwanangu, yule alikuwa ameshaliwa. Sisi tulijitahidi tu."

Mama Osmunda naye alifariki, habari zilitufika kutoka Mbesa. Tangu hapo, jumuiya ikikutana kwetu, Shangazi huombea marehemu kwa Kingoni, taratibu, mmoja mmoja. Humtaja kaka yake, wifi yake, Otmar. Mwishoni humtaja Osmunda, Mungu amsamehe. Wote huitikia amina. Mimi amina hiyo siiitikii, nao wanadhani ni kiburi cha usomi.